Kumbukumbu za Ushirika: Tarehe Zetu na Mizani Yetu

Somo kwa Makatibu na Wanachama wa Vyama vya Msingi



Kila mwaka vyama vyetu hualikwa kushiriki katika sikukuu nyingi. Ipo Sikukuu ya Ushirika Duniani, inayoangukia Jumamosi ya kwanza ya mwezi Julai. Ipo Saba Saba, ipo Nane Nane, na ipo Siku ya Uhuru tarehe 9 Desemba. Hotuba husomwa, ngoma hupigwa, fulana hugawiwa, na jioni kila mtu hurudi kwake. Kesho yake, mwanachama akiulizwa siku ile ilikuwa ya kukumbuka jambo gani, mara nyingi hujibu kwamba ilikuwa siku ya ushirika, basi.

Jibu hilo halitoshi. Tarehe huwekwa katika kalenda kwa sababu siku hiyo watu waliamua jambo, na waliamua kwa kusukumwa na shida. Asiyeijua shida ile hawezi kutambua kama imekwisha au kama ingali inaishi naye kijijini.

Shabaha ya somo hili ni kuonyesha kwamba kumbukumbu ya ushirika, ikieleweka barabara, ni aina ya ukaguzi. Tutazipitia tarehe chache zinazohusu nchi yetu ya Usukuma na ukanda wa dhahabu wa Geita, na kila tarehe itatupa swali ambalo mkutano wa chama unaweza kulijibu kwa kufungua daftari. Mwishoni tumeweka mpango wa kazi kwa ajili ya Katibu, pamoja na maswali ya majadiliano.

1. MWANZO WETU NI MIZANI

Tarehe 21 Desemba 1844, katika mji wa Rochdale huko Uingereza, kikundi cha watu wa kipato kidogo, wengi wao wafumaji na mafundi, walifungua duka dogo la kuuza unga, siagi, sukari na mishumaa. Wakati ule wafanyakazi walikuwa wakiuziwa vyakula vilivyochanganywa na takataka na kupimiwa kwa mizani ya uongo. Waanzilishi wale waliazimia kuuza bidhaa safi kwa kipimo kamili, kila mwanachama awe na kura moja, na ziada igawanywe kwa kadiri ya manunuzi ya kila mtu. Ndiyo maana wanaushirika wa dunia nzima huihesabu tarehe ile kuwa chimbuko lao.

Katika nchi yetu sheria ya kwanza ya vyama vya ushirika ilitungwa mwaka 1932, wakati wa utawala wa Kiingereza. Mwaka uliofuata wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliandikisha chama chao kikuu, KNCU. Jimbo la Ziwa lilichelewa kidogo, lakini liliposimama lilisimama kwa kishindo.

Shida iliyowaamsha wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa ilikuwa ile ile ya Rochdale. Mkulima alibeba pamba yake hadi kituo cha kununulia, mnunuzi akaipima kwa mizani yake, akaisoma mwenyewe, akataja uzito na kulipa. Mkulima hakuwa na njia ya kuhakiki. Kabla ya kuwa na chama kilichoandikishwa, wakulima walianza kwa jambo dogo lenye akili kubwa: waliweka wapimaji wao wenyewe, ili pamba ipimwe kwanza kwa mizani ya wakulima kabla ya kufika kwa mnunuzi. Tofauti kati ya mizani mbili ikawa ndiyo hotuba ya kwanza ya ushirika Usukumani.

Kutokana na juhudi hizo, mwanzoni mwa miaka ya 1950 kilizaliwa Chama cha Wakulima wa Jimbo la Ziwa, chini ya uongozi wa Ndugu Paul Bomani. Bomani, aliyezaliwa mwaka 1925, alikuwa amekwisha kuongoza ushirika wa wafanyabiashara Waafrika mjini Mwanza, na baadaye alikwenda Loughborough, Uingereza, kusomea mambo ya ushirika. Vyama vya msingi viliandikishwa kijiji baada ya kijiji, vikaungana katika vyama vikuu, na mwaka 1955 vyama vikuu vikaunda shirikisho lililojulikana kwa herufi VFCU, yaani Shirikisho la Vyama Vikuu vya Ushirika la Victoria, Bomani akiwa Meneja Mkuu wake. Kabla ya miaka ya 1950 kwisha, Shirikisho lilikuwa miongoni mwa jumuiya kubwa kabisa za ushirika barani Afrika, na lilikuwa na vinu vyake vya kuchambulia pamba, kimojawapo kikiwa Kasamwa katika Geita.

Mwaka 2025 ilitimia miaka 70 tangu Shirikisho lile kuundwa. Mwaka huo huo ulitangazwa na Umoja wa Mataifa kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Vyama vya Ushirika, kama ulivyokuwa mwaka 2012.

Swali la tarehe hii linahusu mizani ya chama chetu: ni nani aliyeihakiki mara ya mwisho, na lini?

Swali hili lisionekane dogo. Tuchukue mfano. Tuseme mizani inapunja kilo 1 katika kila kilo 50. Mwanachama aliyeuza kilo 600 amepoteza kilo 12. Chama kikiwa na wauzaji 300 wa namna hiyo, zimepotea kilo 3,600. Bei ikiwa shilingi 1,200 kwa kilo, hizo ni shilingi 4,320,000 zilizotoka mifukoni mwa wanachama katika msimu mmoja, bila mtu kuvunja mlango wala kufungua sanduku la fedha.

Haki ya mizani, hata hivyo, ina pande mbili. Mwanachama anayemwagia pamba maji, au anayeficha mchanga katikati ya mzigo ili uzito upande, anatenda kosa lile lile walilolipinga waasisi, isipokuwa yeye amesimama upande wa pili wa mizani. Pamba yenye maji huoza ghalani na mchanga huharibu misumeno ya kinu. Mnunuzi akigundua hushusha bei ya chama kizima, hata kwa yule aliyeleta pamba safi. Katibu anayekataa mzigo wa namna hiyo anastahili kuungwa mkono na mkutano, hata kama mwenye mzigo ni mjumbe wa Bodi.

2. MWAKA 1958 NA SHULE YA MIKUTANO

Tunapoadhimisha Uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961, yafaa tukumbuke kwamba Usukumani njia ya uhuru ilipita katika vyama vya ushirika. TANU iliundwa tarehe 7 Julai 1954, lakini katika mwaka ule ule serikali ya kikoloni ilikipiga marufuku chama hicho kufanya kazi Usukumani, na marufuku hiyo ikadumu hadi 1958. Katika miaka hiyo vyama vya ushirika viliendelea kukutana kwa mujibu wa sheria. Wakulima walichagua wenyeviti, wakasikiliza hesabu, wakahoji, wakapiga kura, na wakaandika kumbukumbu za mikutano yao.

Mwaka 1958 wananchi wa Geita walisimama kuikataa halmashauri ya wilaya ya mchanganyiko wa rangi, waliyoona imewekwa bila ridhaa yao, na maelfu wakafunga safari hadi Mwanza kuwasilisha malalamiko. Watu wale walikuwa wamekwisha kuonja uzito wa kura zao wenyewe katika mikutano ya vyama, na haikuwa rahisi kuwaambia kwamba mambo yao yataamuliwa na wengine.

Swali la tarehe hii ni la Mkutano Mkuu. Je, mkutano wetu wa mwaka ni mahali pa kuamua, au ni mahali pa kupigia makofi mambo yaliyokwisha kuamuliwa? Kipimo ni chepesi. Katibu afungue kitabu cha kumbukumbu za mikutano mitatu iliyopita na kutazama ni mara ngapi hoja ya Bodi ilibadilishwa au kukataliwa na wanachama. Kama haikutokea hata mara moja, mkutano na ujiulize sababu. Huenda Bodi ni hodari sana, au huenda wanachama wamekata tamaa ya kusema, na mkutano hauna budi kujua ni ipi kati ya hizo mbili.

3. MWAKA 1976 NA CHAMA KISICHO NA MWENYEWE

Zipo tarehe ambazo hazina ngoma. Mwezi Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa kwa amri ya Serikali nchini kote. Kwa wakati ule Shirikisho la Victoria lilikuwa limekwisha kupangwa upya, na kazi zake zilikuwa zikifanywa na vyama vikuu vya mikoa. Vinu, malori, maghala na majengo vilikabidhiwa kwa mamlaka za mazao, na kwa upande wa pamba ikawa Mamlaka ya Pamba Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1973. Vijiji, kwa sheria ya mwaka 1975, vilipewa kazi zilizokuwa za vyama vya msingi. Kufikia Mei 2026 ni miaka 50 kamili tangu jambo hilo.

Haifai kulisimulia jambo hili kana kwamba radi ilipiga katika anga jeupe. Miaka 10 kabla yake, yaani 1966, Tume ya Rais iliyochunguza vyama vya ushirika na bodi za mazao ilikwisha kutaja kasoro zilizokuwa zikivitafuna: wanachama wasioelewa haki zao, watumishi wachache wenye ujuzi, gharama zilizopanda na kumpunguzia mkulima malipo, wizi na upendeleo, na siasa kuingilia uchaguzi na ajira. Mkulima alianza kukiita chama kuwa ni cha “wakubwa”. Chama kinapoitwa hivyo na wenye mali wenyewe, siku kikiondolewa hakuna anayeona kwamba ameondolewa kitu chake.

Lakini dawa iliyotolewa nayo ilileta maradhi yake. Mamlaka za mazao zilikuwa mbali na mkulima kuliko chama kilivyokuwa. Malipo yalichelewa, gharama ziliongezeka, na mkulima hakuwa tena na mkutano wa kumwita meneja ajibu. Kwa sababu hiyo Serikali yenyewe iligeuka: mwaka 1982 ilitungwa sheria ya kuvirudisha vyama vya ushirika, na mwaka 1984 vyama vikuu vilianza kazi tena. Miongoni mwao vilikuwa Nyanza upande wa Mwanza na SHIRECU upande wa Shinyanga, ambayo wakati ule ilijumuisha pia Bariadi, Maswa na Meatu zilizomo leo katika Mkoa wa Simiyu.

Swali la tarehe hii ni la umiliki. Je, mwanachama wetu anazijua hisa zake? Anajua ghala limejengwa kwa fedha ya nani, na hati ya kiwanja iko wapi? Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Rejista ya wanachama iliyo pungufu na rejista ya mali isiyokuwapo ndizo zinazofanya iwe rahisi kwa mtu yeyote, awe wa ndani au wa nje, kusema kwamba mali hii haina mwenyewe.

4. MWAKA 1994 NA MZIGO WA MADENI

Vyama vikuu vilivyorudi mwaka 1984 vilikuta vinu vilivyochakaa, malori mabovu na hazina tupu. Vilinunua pamba kwa mikopo ya benki. Riba ilipopanda na fedha za mauzo zilipochelewa, madeni yaliongezeka msimu hata msimu, hata Serikali ikalazimika kubeba sehemu yake. Mwaka 1991 ilitungwa sheria nyingine iliyotambua vyama kuwa mali ya wanachama wenyewe, visiendeshwe kama idara za chama cha siasa au za Serikali. Sheria hiyo ilikuwa njema, bali ilivikuta vyama vimeinama chini ya mzigo.

Mwaka 1994 biashara ya pamba ilifunguliwa kwa wanunuzi binafsi, kuanzia msimu wa 1994/95. Makampuni yalikuja na fedha taslimu. Mkulima, ambaye kwa miaka kadhaa alikuwa amepewa stakabadhi na kuambiwa asubiri, aliuza kwa aliyelipa siku ile ile, na hakuna wa kumlaumu. Katika misimu michache sehemu kubwa ya pamba ilitoka mikononi mwa vyama vikuu. Baadhi yao vilibaki na majengo makubwa, vinu visivyozunguka, na wadai mlangoni.

Kisha soko huru nalo likatoa funzo lake. Ushindani uliongeza bei katika misimu mingine, lakini pia ulileta mizani iliyochezewa, pamba chafu iliyonunuliwa bila kuchaguliwa kati ya safi na fifi, na mikopo ya mbegu na dawa isiyorudishwa kwa kuwa mkulima alimwuzia mnunuzi mwingine. Mwaka 2018 Serikali iliagiza pamba inunuliwe kupitia vyama vya msingi, yaani AMCOS. Mwaka uliofuata, 2019, bei elekezi ilikuwa shilingi 1,200 kwa kilo huku bei ya dunia ikishuka. Wanunuzi walisita, na wakulima wengi walikaa miezi wakisubiri malipo ya pamba ambayo ilikwisha kupimwa na kuondolewa.

Msimu ule makatibu wa AMCOS ndio waliosimama mlangoni kupokea hasira. Mkulima hakumwona mnunuzi wala bei ya Liverpool. Alimwona Katibu wa chama chake. Katibu aliyekuwa na daftari linaloonyesha kila mzigo, kila tarehe na kila fedha iliyopokelewa, aliweza kusimama mbele ya watu na kueleza. Yule aliyekuwa na karatasi zilizotawanyika hakuwa na la kusema, hata kama mikono yake ilikuwa safi.

Swali la tarehe hizi ni la madeni na malipo. Je, ukomo wa madeni wa chama uliidhinishwa na Mkutano Mkuu, au uliandikwa mezani na kutiwa sahihi? Wanachama wanaujua kwa tarakimu? Hesabu zetu zimekaguliwa hadi mwaka gani? Benki ya Ushirika Tanzania ilizinduliwa Dodoma mwezi Aprili 2025, na ni jambo la kheri kwa vyama vyetu kuwa na benki. Lakini hakuna benki, hata iliyo yetu wenyewe, inayoweza kumkopesha mtu asiyejua anadaiwa kiasi gani.

5. DHAHABU, ALMASI NA KILE KINACHOBAKI

Hatuwezi kuzungumzia kumbukumbu za nchi hii bila kutaja kilicho chini ya ardhi. Mwaka 1940 Dkt. John Williamson aligundua almasi Mwadui. Geita mgodi wa dhahabu wa enzi ya ukoloni, uliochimbwa tangu miaka ya 1930, ulifungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ukaanza kutoa dhahabu mwaka 2000. Bulyanhulu ulianza mwaka 2001. Buzwagi, karibu na mji wa Kahama, ulifunguliwa mwaka 2009 na uchimbaji wake ukakoma mwaka 2021.

Tazama miaka hiyo kwa makini. Kati ya kufungwa kwa mgodi wa Geita na kufunguliwa kwa mwingine ilipita miaka 34, yaani umri wa mtu kuzaliwa, kukua, kuoa na kulea. Katika miaka hiyo watu wa Geita waliishi kwa pamba, mihogo, mpunga, samaki na ng'ombe, na baadhi kwa kuchimba kwa mikono. Mgodi wa Buzwagi ulidumu takriban miaka 12. Dhahabu hutoka mara moja tu. Jiwe likishasagwa halioti tena. Shamba hurudi kila mwaka, na chama kilichotunzwa vizuri huweza kuvuka vizazi vitatu.

Hatusemi haya kwa kuidharau kazi ya uchimbaji. Wanachama wengi wa vyama vyetu hulima wakati wa masika na kushuka mashimoni wakati wa kiangazi, na vijana wengi wamejenga nyumba kwa fedha ya dhahabu. Tunalolisema ni kwamba mchimbaji mdogo amekuwa katika hali ile ile aliyokuwamo mkulima wa pamba wa mwaka 1950. Alitoka na mchanga wake, akachenjua, akampelekea mnunuzi, na mnunuzi akapima kwa mizani yake na kutaja bei yake. Kwa dhahabu, upungufu wa gramu moja ni fedha nyingi kuliko upungufu wa gunia zima la pamba.

Mwezi Machi 2019 soko la madini lilifunguliwa Geita, na masoko mengine yakafuata katika mikoa yenye madini. Faida ya soko la namna hiyo ni mizani ya wazi, bei inayotangazwa, na ushuru wa Serikali kulipwa pale pale. Lakini mchimbaji anayekwenda sokoni peke yake na gramu mbili bado ni mnyonge, kama mkulima mwenye mzigo mmoja. Wachimbaji wadogo wanaojiunga katika vyama huweza kuchangia mashine ya kusaga mawe na pampu ya maji, kuuza kwa pamoja, na kuwa na akiba ya kumtibu aliyeumia. Vyama vya msingi vya wakulima vyenye uzoefu vina wajibu wa kuwafundisha namna ya kuandika daftari, maana elimu hiyo nasi tuliipata kwa gharama.

Swali la tarehe hizi linawahusu wakulima na wachimbaji pamoja. Katika fedha iliyopita mikononi mwetu miaka mitano iliyopita, ni kitu gani cha pamoja kilichobaki kinachoweza kuonekana kwa macho na kuandikwa katika rejista ya mali?

6. KUMBUKUMBU YA CHAMA CHENYEWE

Kila chama kina siku yake ya kuzaliwa, nayo imeandikwa katika cheti kilichotolewa na Mrajis. Ajabu ni kwamba wapo viongozi wanaoweza kutaja tarehe za nchi nzima, lakini hawaijui tarehe ya chama chao. Cheti kimekunjwa ndani ya sanduku, au kimeliwa na mchwa, au kimebaki kwa mwenyekiti aliyeondoka madarakani.

Jambo hili ni la haraka. Kijana aliyekuwa na miaka 20 wakati Shirikisho la Victoria linaundwa mwaka 1955, alitimiza miaka 90 mwaka 2025. Wazee waliosimama kando ya mizani zile za kwanza wamebaki wachache sana, na kila mwaka tunawazika pamoja na maelezo yao. Wao ndio wanaojua nani alitoa kiwanja cha ghala, kwa masharti gani, na mbele ya mashahidi gani. Kesi nyingi za viwanja vya vyama zingekwisha mapema kama maelezo hayo yangeandikwa wakati wasemaji wako hai.

Mabadiliko ya mipaka nayo yameongeza ugumu. Mikoa ya Geita na Simiyu ilianzishwa mwaka 2012. Bukombe ilikuwa zamani katika Mkoa wa Shinyanga, na Geita yenyewe ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Mwanza. Kwa hiyo nyaraka za chama kilichopo leo katika mkoa mmoja zinaweza kuwa katika ofisi za mkoa mwingine. Katibu asichoke kuzifuatilia, na akizipata aziorodheshe na kutunza nakala mahali pawili.

7. MPANGO WA KAZI KWA KATIBU

Tunashauri chama kisitumie fedha nyingi kwa sherehe, bali kila kumbukumbu ifungwe na kazi moja ya ukaguzi:

(a) Mwezi Mei, wakati msimu wa kununua pamba unapokaribia: kuhakiki mizani. Wakala wa Vipimo aitwe mapema. Chama nacho kifanye jaribio lake mbele ya wanachama: mizani isome sifuri ikiwa haina kitu, ipimwe kwa jiwe lenye uzito unaojulikana, mzigo mmoja upimwe mara mbili, na kama ipo mizani ya pili upimwe huko pia. Uzito wa mfuko mtupu uandikwe ubaoni. Matokeo yaingizwe daftarini na kutiwa sahihi na wanachama watatu wasio wajumbe wa Bodi.

(b) Jumamosi ya kwanza ya Julai, Sikukuu ya Ushirika: siku hii huangukia katikati ya ununuzi, wakati mizani ikingali imening'inia. Katibu asome hadharani kilo zilizopokelewa, fedha iliyoingia, iliyolipwa na inayodaiwa hadi siku ile.

(c) Tarehe 8 Agosti, Nane Nane: rejista ya mali isomwe, na kila kilichoandikwa kionekane kwa macho.

(d) Siku ya kuandikishwa kwa chama: cheti kionyeshwe, rejista ya wanachama na hisa isomwe jina kwa jina, waliofariki waandikwe na warithi wao waelezwe haki zao. Mzee mmoja au wawili waalikwe kueleza mwanzo wa chama, na kijana anayejua kuandika vizuri ayaandike maelezo yao.

(e) Tarehe 9 Desemba, Siku ya Uhuru: wanachama wakumbushwe haki ya kura, na ajenda ya Mkutano Mkuu unaofuata ibandikwe ukutani mapema ili watu waisome na kuijadili.

8. MASWALI YA MAJADILIANO

Maswali haya yajadiliwe katika vikundi vya watu kumi au zaidi, na majibu yaandikwe.

1. Chama chetu kiliandikishwa lini, na shida gani iliwafanya waanzilishi kukiandikisha? Shida hiyo imekwisha?

2. Kama Serikali ingetangaza kesho kwamba chama chetu kinafutwa, ni wanachama wangapi wangekuja ofisini kuuliza habari za mali yao? Kwa nini?

3. Ni mambo gani yaliyotajwa na Tume ya 1966 ambayo yangalimo katika chama chetu?

4. Mwanachama akikamatwa ametia maji katika pamba, masharti yetu yanasemaje, na je, yametumiwa hata mara moja?

5. Vijana wetu walioko machimboni wananufaika vipi na chama hiki? Kama hawanufaiki, nini kifanyike kabla ya msimu ujao?

Ndugu Katibu, majibu ya kikundi yatiwe katika kitabu cha kumbukumbu pamoja na majina ya waliohudhuria, na yasomwe tena mwaka utakaofuata tarehe ile ile. Jambo lililoahidiwa na halikutendeka lielezwe na aliyepewa kazi hiyo, akiwa amesimama mbele ya wenzake. Wazee wetu walianza na mizani moja kando ya njia, na mtu mmoja aliyeaminiwa kuisoma kwa sauti ili kila aliyesimama pale asikie. Nasi tusome hesabu zetu vivyo hivyo.